Tulibishana Juu ya Koki

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mkuu wa chuo hiki cha ufundi, uliyetuazima karakana yako kila Jumamosi bila kutuuliza vizee tunafanya nini humo. Mwalimu wetu wa uandishi, binti yetu, unayetuaga leo ukiwa bado na akili timamu, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Waandishi wenzangu, yaani fundi bomba, seremala, dada yetu wa cherehani na wengine mnaojijua. Shemeji yangu uliyekaa mstari wa mbele na mkoba mapajani. Ndugu wageni waalikwa, na nyinyi ndugu ambao hamkualikwa ila mmesikia kuna soda: habari za mchana?

Nimepewa karatasi ya itifaki nikaambiwa nisimruke mkubwa yeyote. Kama nimekuruka, nisamehe. Miwani hii ni ya kusomea, si ya kutambua vyeo.

Kwa wasionijua, mimi shule niliikimbia mapema, au yenyewe ndiyo iliyonikimbia, mpaka leo tunabishana. Kazi yangu ilikuwa kuandika mabango. Ukipita mtaani ukaona "Mbwa Mkali" kwenye geti la mtu asiye hata na paka, mwandishi ni mimi. Ukiona "Saluni ya Kisasa" juu ya kibanda chenye kioo kimoja kilichopasuka, mwandishi ni mimi. Na ile "Usitupe Takataka Hapa" pale kona ya soko, ambayo siku hizi haionekani kwa sababu ya takataka, ni mkono wangu huu huu. Bwana aliyenifundisha kazi alikuwa na amri moja: "Usisome, chora. Ukianza kusoma utakosea." Basi nimeandika maisha yangu yote bila kusoma nilichoandika, na ninawaomba muikumbuke amri hiyo, maana nitairudia.

Mheshimiwa mgeni rasmi ametuambia hapa kwamba watu huandika ili kuhifadhi urithi wa vizazi. Sikubishii, mheshimiwa. Mtu aliyekuja na gari refu vile habishiwi. Lakini siku ya kwanza mwalimu alipotuuliza sisi, kwa nini mnataka kuandika, hakuna aliyetaja kizazi hata kimoja. Seremala alisema anataka kumalizia ugomvi na jirani yake aliyekufa kabla hajamjibu. Fundi bomba alisema daktari amemkataza kazi za kuinama. Dada wa cherehani alisema, "Mimi nimechoka kusikiliza za wateja. Na mimi nina zangu." Nilipoulizwa mimi nikajibu kwamba mke wangu amechoka kunisikia, na karatasi haina mahali pa kukimbilia.

Wa mwisho kuulizwa alikuwa rafiki yangu, mwashi, yule tuliyemwita Pimamaji kwa sababu kile kifaa cha kupimia usawa wa ukuta kilikuwa hakimtoki mfukoni. Hata ukimkaribisha kwako, kabla hajakunywa maji keshakipachika juu ya kabati lako na kukwambia limeinama. Pimamaji aliulizwa, akafikiri, akasema, "Nikisema, hayatoki. Nataka kuona kama yatatoka kwa mkono."

Tukacheka. Tulikuwa tunacheka kila alichosema. Ndiyo shida ya kuwa mchekeshaji: ukisema nyumba inaungua, watu wanasubiri sehemu ya kuchekea.

Sasa, mwalimu alituwekea sheria. Ukileta andiko lako, husomi wewe. Anasoma mwenzako kwa sauti, na wewe mwenyewe umekaa umefunga mdomo. Kila mtu atasema alichonacho. Hutajitetea, hutaeleza ulichokusudia. Mwisho unaruhusiwa neno moja tu: "Nimesikia." Basi. Kwa mtu kama mimi sheria hiyo ilikuwa sawa na kufungwa kamba. Lakini ilinifunza, na niseme ilivyonifunza, nisije nikaonekana nimekuja kucheza tu.

Niliandika habari za baba yangu. Baba yangu alikuwa mkali, na nilitaka dunia ijue alivyokuwa mkali. Mwalimu akasoma, akaniambia, "Babu, baba huyu amesimama tu anafoka. Mpe mikono yake kazi. Alikuwa anafanya nini huku akifoka?" Nikarudi nyumbani nimenuna. Nani amwambie mtoto wa juzi kwamba baba yangu namjua mimi? Nikakaa na kalamu, nikaitafuta mikono ya baba yangu, na nilipoipata niliikuta inamimina chai yangu kutoka kikombe hiki kwenda kile, kutoka kile kurudi hiki, ipoe nisije nikaungua, huku mdomo wake ukinitukana kwa kuchelewa shule. Miaka yote hiyo nilikuwa nimehifadhi mdomo wake tu. Mikono yake nilikuja kuikuta kwenye karatasi, mimi mwenyewe nimeshakuwa mkongwe kuliko alivyokuwa yeye alipokufa, na sina wa kumwambia asante. Ndugu zangu, ndiyo faida ya kuandika hiyo. Unaelewa. Lakini nani alisema kuelewa hufika mapema?

Haya. Nije kwa Pimamaji, ambaye ndiye aliyenisimamisha hapa.

Jumamosi moja mwalimu hakuja, mtoto wake alikuwa na homa, nasi tukajiendesha wenyewe, ng'ombe wasio na mchungaji. Ilikuwa zamu ya Pimamaji. Mimi ndiye niliyemsomea. Nilisoma kama nilivyofundishwa kuandika mabango, herufi kwa herufi, sauti nzuri, akili ikiwa kwenye soda. Andiko lake lilianza hivi: "Mtu mmoja alitoka hospitali, akapitia dukani, akanunua koki."

Nilipomaliza kusoma, fundi bomba hakusubiri hata nivue miwani.

"Koki gani?"

Pimamaji kimya, kwa mujibu wa sheria.

"Nauliza, plastiki au shaba? Maana hapa ameandika ya plastiki. Mwashi mzima unamfungia mkeo koki ya plastiki? Hiyo haimalizi mwaka!"

"Na hajazungusha utepe wa kuzuia maji kwenye nyuzi za bomba," akasema fundi umeme, ambaye maji hayamhusu. "Itavuja."

"Wewe kaa na nyaya zako."

Dada wa cherehani akauliza mkoba uliotajwa mwishoni una zipu au vifungo, kwa sababu zipu za siku hizi hazifai. Na mimi? Mimi, mheshimiwa, mtu wa mabango, niliona sehemu ambayo mtu yule anazipaka rangi funguo za nyumba ili mke wake asizichanganye, nikauliza kwa ukali: rangi ya mafuta au rangi ya maji? Maana rangi ya maji haishiki kwenye chuma! Nikapigiwa makofi. Na rangi yenyewe, ndugu zangu, ilikuwa yangu. Wiki chache kabla yake Pimamaji alinijia nyumbani kuomba nusu kopo la nyekundu, nikamtania: "Mzee mwenzangu, unapendezesha nini uzeeni? Umepata mchumba kijana?" Akacheka, akasema, "Nimempata. Tena hana subira."

Mwisho akasimama seremala. Seremala wetu ndiye msomi kati yetu, alifika mbali darasani, akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayekupiga msasa: "Ndugu yangu, hadithi yako inaanza dukani. Hospitali ya nini? Hospitali inatuchelewesha. Na huyu daktari anayetajwa kule chini, muondoe. Mtu haingii kwenye hadithi halafu asifanye kazi."

Tukasema, kweli. Wote tukasema kweli.

Pimamaji alituangalia mmoja mmoja, akatoa pimamaji yake mfukoni, akaitazama kama mtu anayetazama saa, akairudisha. "Nimesikia," akasema.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alikuwapo, na Pimamaji alileta andiko jipya. Koki ilikuwa ya shaba. Utepe umezungushwa. Rangi ni ya mafuta. Mkoba una zipu. Hospitali hakuna, daktari hakuna. Tuliipiga randa mbao ya watu mpaka tukabaki na maranda. Mwalimu, usijilaumu, wewe ulisomewa maranda. Ulisikia hadithi ya mwanamume anayefunga koki mpya, anamfundisha mke wake kuendesha nyumba, kisha anafunga mkoba wake na kuusukuma chini ya kitanda. Ulisema, kwa haki, "Huyu bwana anamwacha mke wake, lakini hatujaambiwa kwa nini." Pimamaji akajibu tena neno lake lile moja. Na sisi tuliokuwa tumesikia kwa nini, tuliosomewa kwa nini kwenye mstari wa kwanza, tukakaa tunatafuna biskuti.

Maneno hayana miguu, lakini hufika. Dada wa cherehani alikuwa anampima gauni shemeji yangu huyu, mke wa Pimamaji, akasema, bila nia mbaya, "Mumeo kaandika hadithi nzuri, ya mtu anayemhama mkewe." Shemeji alikwenda nyumbani. Akatazama koki mpya. Akatazama funguo zenye rangi. Akakumbuka jinsi mume wake alivyomburuta nyuma ya nyumba kumwonyesha mahali pa kufungia maji. Akapiga magoti, akaangalia chini ya kitanda. Mkoba ulikuwapo. Hakuufungua.

Hakumuuliza. Yeye hakumuuliza, naye Pimamaji hakumwambia, na ndani ya nyumba iliyonyooka kuliko zote mtaani, watu wawili wakawa wanapeana chumvi bila kutazamana. Haikuchukua muda, moyo wa rafiki yangu ukasimama, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu. Na siku ya msiba, sisi wanaume tukiwa tumeinamisha vichwa, shemeji alisema kwa sauti, mbele ya umati wote: "Mlilieni nyinyi. Mimi alikwisha kuniacha akiwa hai."

Wengine mlikuwapo. Wengine mlirudi nyumbani mkalikuza jambo, mpaka mwanamke wa pembeni akapatikana, akapewa na mtaa anaokaa. Kila mtu alikuwa na habari zake, ila jina tu ndilo halikupatikana. Na sisi wa karakana, marafiki zake, tulimtetea? Tulisema, "Ah, Pimamaji bwana, alikuwa mjanja." Tukamsifu kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kisha ikaja habari ya kitabu hiki tunachozindua leo. Mimi nikapewa kazi ya kumsomea katibu wa chuo, binti mmoja, maandiko yetu yeye akiyachapa kwenye kompyuta. Kwenye droo ya karakana kulikuwa na karatasi za Pimamaji, ya kwanza na ya pili, zimeshikamana, nami kwa macho yangu haya nikaanza na ile ya zamani. "Mtu mmoja alitoka hospitali, akapitia dukani, akanunua koki." Mashine ikanyamaza. Binti amesimamisha vidole hewani, ananitazama.

"Babu," akaniuliza, "alikuwa anaumwa nini?"

"Nani?"

"Huyu mtu. Si umesema ametoka hospitali?"

Yule binti hajui koki ya shaba wala ya plastiki. Hajawahi kushika randa. Aliuliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza, na nilipotaka kumjibu niliona kwamba sijui, kwamba hatukufika huko, kwamba mafundi wazima tulikaa karakana nzima tukaishia kwenye koki. Nikavua miwani nikaifuta. Nikamwambia ni vumbi. Binti mwenye adabu, akakubali ni vumbi.

Nikaenda kwa shemeji. Nilimkuta jikoni anaosha vyombo.

"Shemeji, umekuja kumtetea rafiki yako?" akaniuliza.

"Nimekuja kumsoma."

"Hadithi yake naijua. Niliishi ndani yake."

"Hii ni ile ya kwanza. Kabla hatujaiharibu."

Akafunga koki. Haikudondoka hata tone. Mikono ikichuruzika maji, akasema, na ninayarudia kwa ruhusa yake: "Usinisomee hapa jikoni. Mimi nilimtangaza mbele ya watu. Kama ana la kujibu, ajibu mbele ya watu hao hao. Na kama hana, basi niaibike mimi na yeye pamoja."

Kwa hiyo, mheshimiwa, hili halimo kwenye ratiba. Ukurasa wa mwisho wa kitabu, kwa wenye kitabu. Sisi kamati tumekubaliana, tena kwa kura ya seremala mwenyewe, kwamba tumchape kama alivyoandika mara ya kwanza, na koki yake ya plastiki. Shemeji, hiki ni cha kwako. Leo sichori. Leo ninasoma.

"Mtu mmoja alitoka hospitali, akapitia dukani, akanunua koki. Koki ya nyumbani kwake ilikuwa ikidondoka tangu watoto wakiwa wadogo, na kila siku alisema kesho. Siku hiyo hakusema kesho. Alinunua ya plastiki kwa sababu ndiyo iliyokuwapo, na hakutaka kusubiri.

"Mke wake akamuuliza, leo umepatwa na nini? Akasema, kelele yake imenichosha. Akamwita nyuma ya nyumba, akamwonyesha mahali pa kufungia maji yote. Zungusha huku. Mke akasema, nizungushe mimi, kwani wewe unakwenda wapi? Akasema, nakwenda kuoga.

"Alizipaka funguo rangi. Alikaza bawaba. Alipima kila ukuta aliojenga mwenyewe, akaukuta ukuta mmoja umeinama kidogo, akauacha, maana muda wa ukuta haukuwapo.

"Alitaka kumwambia mke wake neno moja. Lakini kila alipofungua mdomo ilitoka habari ya koki, au ya bawaba. Mke wake akawa anakasirika, naye akaona afadhali akasirike, kwa sababu mtu mwenye hasira halii. Akafunga mkoba mdogo kama daktari alivyomwagiza, mashati mawili, taulo na sabuni, kwa siku watakayomwita, akausukuma chini ya kitanda upande wake. Kisha akakaa kusikiliza. Koki haikudondoka. Nyumba ilikuwa imetulia, na mke wake alikuwa jikoni anaimba, hajui kwamba kuna mtu anamsikiliza."

Mwisho wake ni hapo.

Shemeji, mimi sina cha kuongeza, na kwa mara ya kwanza maishani ninaomba mniamini. Naona umefungua mkoba wake, ule wa chini ya kitanda. Ndiyo, ni taulo. Ni taulo na sabuni bado iko kwenye karatasi yake. Chukua muda wako. Mgeni rasmi atasubiri, na soda haziozi.

Mwalimu wetu, unakwenda kufundisha watu wengine, vijana wenye masikio. Usiwaambie waandike vizuri. Waambie kwamba huyu anayeleta karatasi yake hapa amekwishajaribu kwa mdomo, nyumbani kwake, jikoni, nyuma ya nyumba, na kilichotoka kilikuwa koki. Ndiyo maana amekuja na karatasi. Wakishalijua hilo, hayo ya nukta na herufi kubwa utawafundisha taratibu. Kwa yote uliyotufanyia tunakushukuru, na kwa ile Jumamosi tuliyokaa bila wewe tunakuomba radhi, ingawa radhi yenyewe haikuwa yako kuitoa.

Pimamaji, ndugu yangu. Sheria yetu inasema mwandishi akisomwa anyamaze, na leo umeifuata kuliko sisi sote. Neno lako lile moja, siku ile ulitusemea sisi, ingawa sisi ndio tuliotakiwa kulisema. Basi nalirudisha, kwa niaba ya karakana nzima. Tumesikia.

Mheshimiwa, mkuu wa chuo, ndugu wageni waalikwa na wa soda. Nimesoma hadithi nzima mbele yenu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza koki ilikuwa ya shaba au ya plastiki. Asanteni. Asanteni sana.